Nesi Aliyenusa Kanga Kabla ya Kumshika Mtoto

Kabla sijaandika habari za Mama Doto, nina neno langu moja ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwezi wa Julai mwaka huu, siku ya Alhamisi baada ya adhuhuri, nilimpa mtoto wa dada yangu robo ya kidonge cha mafua cha watu wazima. Mtoto alikuwa na miezi minne. Nilikisaga kwa mgongo wa kijiko, nikakichanganya na maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa, nikamnywesha. Nilidhani namsaidia. Nimeliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu bila hilo siwezi kueleza kwa nini wasifu huu nimeuandika mimi, mgeni kuliko wote hapa kazini.

Sasa niandike kama nilivyoelekezwa. Bi Benedikta Mahona, ambaye sote twamwita Mama Doto, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto katika Zahanati ya Mtaa wa Wapagazi, Tabora Mjini, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 26 Septemba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Alifanya kazi miaka mitano Sikonge, tisa Urambo, na ishirini na miwili hapa kwetu. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo, kwa mujibu wa Bi Zamda wa chumba cha chanjo, alichelewa kwa sababu alisimama njiani kumnusa mtoto asiyemjua.

Alizaliwa Lusu, wilaya ya Nzega, katika nyumba ya wakulima wa mpunga na karanga. Alianza kazi mwaka 1989 kwenye zahanati ndogo huko Sikonge, ambako barabara ilikuwa mchanga mtupu na usafiri wa zahanati ulikuwa baiskeli yake. Siku moja alianguka nayo korongoni akiwa na kisanduku cha chanjo. Goti lilichubuka na usukani ukapinda, lakini kisanduku hakikugusa chini. Mrina asali mmoja aliyekuwa akipita alimwambia, “Nesi, ungeshika chupa yangu ya asali namna hiyo, ningekuoa.” Akamjibu, “Kwanza ninyooshee usukani, habari za ndoa tutaongea nikifika.” Aliunyoosha. Ndoa hakuipata, lakini watoto wake wote walichanjwa.

Huko Sikonge ndiko alikoanza kugombana na asali. Kila mtoto mchanga aliyepiga chafya wakati miti ya msituni inachanua alilambishwa asali, kwa fikra kwamba kilichotoka kwenye ua ndicho kinachotibu ugonjwa wa ua. Mama Doto aliwakataza. Mtoto asiyetimiza mwaka halambi asali hata tone, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado halina nguvu ya kuvishinda. Warina asali walikasirika wakaona anaitukana mali yao. Basi alichukua kijiko, akala mbele yao, akalamba na kijiko chenyewe. “Asali ni ya mama,” alisema. “Mtoto ataionja kwenye furaha ya mama yake.” Tangu hapo kila msimu aliletewa kopo, na mpaka leo huletewa.

Mwaka 1994 alihamishiwa Urambo, na mwaka uliofuata akajifungua mapacha, Kulwa na Doto. Watu wengi wamekuwa wakiuliza kwa nini anaitwa Mama Doto na si Mama Kulwa, ilhali Kulwa ndiye aliyetangulia. Sababu ni chafya. Watoto hao walilala kitanda kimoja, wakanyonya ziwa moja, wakafunikwa shuka moja. Kulwa alikuwa mkavu puani kama jiwe. Doto alipiga chafya msimu mzima wa tumbaku, machozi yakimlengalenga, kamasi zikimtoka nyepesi kama maji. Majirani waliposikia chafya ukutani walisema, “Mama Doto ameamka.” Jina likaganda.

Kutokana na Doto ndipo lilipozaliwa daftari. Mama Doto alinunua daftari la shule, akaandika juu yake PUA, akaanza kuandika kila mtoto mchanga aliyeletwa kwake akipiga chafya. Maswali yalikuwa yaleyale kwa wote. Chafya zinaanza ndani ya nyumba au nje? Kamasi ni maji au ni nzito? Kuna homa? Imechukua siku ngapi? Nani nyumbani anavuta sigara, nani anafukiza, nani anawasha dawa ya mbu? Nguo za mtoto zinaanikwa wapi? Kwa mujibu wa daftari, mafua ya kawaida huja na homa au kamasi nzito, na aghalabu huondoka ndani ya wiki moja au mbili. Chafya zisizo na homa, zenye kamasi za maji na macho mekundu, zisizokwisha wiki baada ya wiki, hizo zina kitu kinachozileta, na kitu hicho kina anwani.

Anwani ya chafya za Doto ilikuwa shati la baba yake. Mzee Mahona alikuwa akitoka kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, akaingia ndani moja kwa moja na kumbeba mwanawe kifuani. Mama Doto alimpiga marufuku kumshika mtoto kabla hajaoga na kubadilisha nguo. Chafya zikapungua. Kuanzia hapo aliupeleka ushauri huo nyumba hadi nyumba, na wanaume wa Urambo wakampa jina la pili: Nesi Vua Shati. Walipomwona na baiskeli yake kwenye kituo cha kununulia tumbaku walikuwa wakipigiana kelele, “Vifungo, jamani, vifungo! Anakuja!” Naye alikuwa akiwapungia mkono kama mheshimiwa.

Mwaka 2003 alikuja hapa kwetu, na hapa ndipo alipokamilisha ile tabia yake ambayo kila mama wa mtaa huu anaijua. Mama anapoketi mbele yake, Mama Doto anainama, ananusa kanga ya mama, kisha utosi wa mtoto, ndipo anaponyoosha mikono kumpokea. Bi Zamda anasema siku ya kwanza alipoona jambo hilo alidhani mgeni huyu anatafuta kanga iliyoibwa. Lakini pua ile imegundua mengi kwenye kanga: moshi wa mkaa, poda yenye manukato, dawa ya mbu iliyowashwa karibu na kitanda, na katika nyumba zetu sisi wenye asili ya Uarabuni, udi.

Nyumba yetu iko nyuma ya msikiti, na uani kuna mwembe uliopandwa na babu wa babu yetu enzi misafara ikishusha mizigo mjini hapa. Kila mwezi wa Juni na Julai unachanua mpaka uwanja unakuwa wa manjano. Mwaka huu dada yangu Shaima alikuja kukaa nyumbani na mwanawe wa kwanza, Ammar. Katikati ya Julai Ammar alianza kupiga chafya. Hakuwa na homa. Kamasi zilitoka kama maji, macho yalimwasha akayasugua kwa ngumi zake ndogo, na alipotaka kunyonya pua iliziba akaliachia titi akilia. Alilia kutwa, na nyumba nzima ikagombana.

Ami Nasor, mdogo wake baba, alisema mwenye kosa ni mwembe, unamwagia mtoto unga wa maua, lazima ukatwe. Bibi yetu, Bimdogo, alisema atakayeugusa mwembe ule aanze na shingo yake. Ami akamwita fundi wa msumeno, miadi ikawa Jumamosi asubuhi. Bimdogo akasusa kula. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwezi Mei, nipo tu nyumbani, na sikuwa na sauti katika mambo hayo. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya vidonge nilivyokuwa nikinywa bwenini, maana magodoro ya shule yalikuwa na vumbi, na kidonge kimoja kilinikausha pua siku nzima. Niliwaza kwamba Ammar akiacha kupiga chafya kabla ya Jumamosi, mti utapona na Bimdogo atakula. Ndipo nilipofanya nililolisema hapo juu.

Ammar aliacha kupiga chafya. Alilala. Ilipofika alasiri Shaima alimwekea titi mdomoni na hakunyonya. Akamtikisa mguu, akamlowesha uso, mtoto akafumbua macho nusu na kuyafumba tena. Shaima alianza kuita jina lake. Mimi nilikimbia mpaka zahanati bila viatu.

Mama Doto alikuja kwa pikipiki akiwa bado na aproni. Alimsikiliza mtoto pumzi, akamhesabia, akambana kidole cha mguu, akamnusa utosi. Akasema, “Huyu hakulala. Huyu amelazwa. Amepewa nini?”

Bimdogo alisema, “Wallahi, Mama Doto, hapa hakuna aliyempa kitu. Maziwa ya mama yake tu.”

Mama Doto hakubishana. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, na aliponifikia mimi hakukaa sana. Kisha akaanza kutuma watu. Shaima alete kadi ya kliniki. Ami Nasor azuie pikipiki isiondoke. Bimdogo achemshe maji. Uani palipobaki watu wawili na mtoto, alisema kwa sauti ya chini, “Na wewe binti, niletee karatasi ya kidonge. Mbio. Sitauliza umeiokota wapi.”

Niliileta. Aliitazama, akaona kidonge kilichokatwa, akaniuliza jambo moja tu: kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akaitia mfukoni na kupanda pikipiki pamoja na Shaima na mtoto. Maji ya Bimdogo hayakutumika. Baadaye Bimdogo aliuliza yalikuwa ya kazi gani, Mama Doto akamwambia yalikuwa ya kumtoa mlangoni.

Hospitali walijua mara moja wanapambana na nini, kwa sababu karatasi ilikuwa mezani kwao. Walimweka Ammar chini ya uangalizi. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, alinyonya mpaka akashiba, kisha akalia kilio cha nguvu, na dada yangu akakipokea kama habari njema.

Jumamosi fundi wa msumeno alifika, na Mama Doto akafika, ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikaa uani kuanzia chai ya asubuhi hadi karibu adhuhuri. Hakuandika chochote kwa muda mrefu. Alitazama nguo za mtoto zikifuliwa, zikianikwa kwenye kamba iliyopita chini ya mwembe, zikianuliwa. Alipitisha kidole kwenye kitambaa kimoja, akatuonyesha kidole: njano. Kisha akatazama nguo zilezile zikipelekwa kwa Bimdogo, zikatandazwa juu ya chetezo, zikafukizwa udi mpaka chumba cha mtoto kikawa na ukungu. Hapo ndipo alipofungua daftari.

Ami Nasor akasema, “Umeona mwenyewe, Mama Doto. Mti huu ndio mchawi.”

“Wewe ulizaliwa hapa?”

“Chumba kilekile.”

“Ulikuwa ukipiga chafya?”

“Nitakumbukaje?”

Bimdogo akadakia, “Huyu? Alikuwa akipiga kelele tu, chafya ingepata wapi nafasi!” Hata fundi wa msumeno alicheka.

Mama Doto akatueleza taratibu. Mtoto wa miezi minne ni nadra sana kuwa na mzio wa chavua yenyewe, ule unga wa maua, kwa sababu mwili hauanzi ugomvi na kitu ambacho haujakizoea. Kwa kawaida hupita msimu mmoja au zaidi ndipo mwili unapochukia. Lakini pua iliyokwisha kuchubuliwa na moshi husumbuliwa na vumbi lolote, liwe la maua au la barabarani. Akaagiza mambo matatu kwa wiki mbili: kamba ya nguo ihamishiwe upande wa pili wa nyumba, udi usikaribie nguo wala chumba cha mtoto, na pua isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi yanayotengenezwa maalumu kwa watoto. Na mtoto akihema haraka, au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, au akiwa mgumu kuamka, hakuna kusubiri wiki wala siku. Fundi alikunywa chai, akaondoka na msumeno wake mkavu.

Kufikia siku ya kumi Ammar alikuwa akipiga chafya mbili tatu kwa siku, kama mtoto yeyote. Ami Nasor alitaka kujua mshitakiwa halisi alikuwa nani, maua au moshi. Mama Doto alisema, “Sijui. Mkitaka kujua, rudisheni kimoja, kingine mkiache.” Hakuna aliyetaka kujua kiasi hicho.

Ila jambo la kidonge lilibaki. Siku ileile ya Jumamosi Shaima, akiwa amekwisha kurudi na mtoto, aliuliza mbele ya wote ni nani aliyempa mwanawe dawa. Mama Doto alijibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. “Kosa ni la zahanati. Miaka ishirini na miwili nawaambia habari za uzito na chanjo, sijawahi kuwaambia wazi kwamba vidonge vya mafua vya wakubwa si vya mtoto mchanga. Mnidai mimi.” Jumatatu yake tangazo likabandikwa pale mlangoni, kwa mwandiko wake, herufi kubwa kama viatu. Mnalijua.

Wiki hiyo hiyo aliniita zahanati nijitolee kuandika kadi. Baada ya siku tatu aliniambia kuwa kila Jumanne nitasimama mbele ya akina mama na kuwaeleza habari ya vidonge hivyo. Mimi ni mtu ambaye hata kusema “hapa” darasani nilikuwa natetemeka. Jumanne ya kwanza nilisema na kidevu changu. Mama Doto alikuwa ameketi benchi la nyuma. Akapaza sauti, “Sisi huku nyuma tunasikia wali wa jirani unachemka, wewe hatukusikii!” Akina mama walicheka, nami nikacheka, na sauti ikatoka. Jumanne ya pili mama mmoja alikuja pembeni, akafungua fundo la kanga yake, akanikabidhi nusu ya kidonge kama hicho. Alikuwa amepanga kumpa mwanawe siku hiyo. Mama Doto alikibandika kwa gundi ndani ya daftari la PUA, akaandika tarehe, na pembeni akaandika jina langu.

Hayo madaftari sasa ni saba, na ameyaacha zahanati. Ndani yake mna watoto wachanga zaidi ya mia nne, na Bwana Masolwa, Mganga Mfawidhi wetu, ameahidi kwamba la nane litaendelea. Wauguzi wanne wapya aliowafundisha wote wananusa kanga kwanza. Doto mwenyewe sasa ni fundi umeme Mwanza, na maua yakichanua bado humpigia mama yake simu akiwa na kitambaa puani.

Mama Doto anarudi Lusu, kwenye mpunga na karanga. Bimdogo hakuweza kuja leo kwa sababu ya miguu, lakini amemtumia doti ya kanga, mpya, ambayo haikupitishwa juu ya chetezo hata mara moja. Anayemjua Bimdogo anajua uzito wa shukrani hiyo.

Na ndiyo maana nimeandika nilivyoandika. Tangu mwezi Julai, dada yangu hamwachi mwanawe na Bimdogo. Hajasema kwa nini, lakini aliyeapa siku ile kwamba mtoto hakupewa kitu ni Bimdogo, na sasa dada yangu akienda hata kuoga humpitisha Ammar kwa jirani. Bimdogo anaona, anakunja nguo za mtoto zisizo na udi. Mimi nilikuwa nikiona pia. Mwezi uliopita nilimuuliza Mama Doto, kwa kuzunguka, kama kosa la zahanati limekwisha. Akaniambia, “Langu nimelibeba, si zito. Bibi yako amebeba la mtu. Wewe una miguu, mwanangu. Utaijua siku ya kwenda.”

Mama Doto, shikamoo. Asante kwa kila mtoto aliyehema vizuri kwa sababu ya pua yako, na kwa binti mmoja ambaye mpaka leo hakupata nafasi ya kukushukuru kwa maneno. Tunakuombea miaka mirefu yenye mavuno, majirani wasiochoma takataka karibu na dirisha lako, na wajukuu wakavu puani.

Bwana Mganga Mfawidhi, unisamehe. Karatasi niliyokuonyesha Jumanne haikuwa na mambo yangu. Haya nimeyaandika jana, nikazitoa nakala mwenyewe. Ninyi wengine mnaosoma, nina ombi. Dada yangu Shaima ameketi benchi la pili, upande wa dirishani, na Ammar yuko mapajani mwake. Nakala yake nimeificha chini kabisa ya rundo. Nikimaliza kuwagawia nyote nitampelekea kwa mkono wangu, na kabla hajaifungua nitakuwa nimekwisha kumwambia kwa mdomo. Mpaka nimfikie, nitunzieni siri hii. Tafadhali, msimtazame.